Mwondoeni Daktari Asiyetuacha Tungoje

Kitsao Ngumbao,
Mikorosho Mitatu, Tezo.
Jumatatu asubuhi.

Kwa Bi. Damaris Nyale,
Mwenyekiti wa Kamati,
Kituo cha Afya cha Mikorosho Mitatu.

KUH: KUONDOLEWA KWA DAKTARI WA FAMILIA KABLA HAJATUPONYA SOTE

Mheshimiwa Bi. Mwenyekiti,

Marahaba. Najua ungeniamkia kama tungekutana njiani, kwa kuwa mimi na marehemu babako tulisoma dawati moja na kuchapwa kwa fimbo moja, kwa hiyo nimeitikia kabisa tusipoteze wakati. Natumai wewe ni mzima na watoto ni wazima. Kama si wazima, nakuomba usiwapeleke kwa daktari tuliye naye, maana huyo ndiye ninayemshitaki katika barua hii.

Nimesikia kwamba Ijumaa hii kamati yako itakaa iamue kama Daktari Monicah Mueni abaki hapa kwetu au ahamishwe. Nimesikia pia kuna watu wanaozunguka na karatasi wakikusanya sahihi ili abaki. Mke wangu Sidi ametia sahihi. Binti yangu Kahaso ametia sahihi. Hata wazee ambao hawajawahi kutia sahihi popote isipokuwa kwa kidole gumba wametia, tena wakarudi kuuliza kama wanaweza kutia mara ya pili. Katika kijiji kizima nimebaki mimi peke yangu mwenye akili timamu, na ndiyo sababu naandika.

Kwa wanakamati wasionijua, mimi ndiye Kiongozi wa Msafara wa Wagonjwa. Cheo hiki sikupewa na mtu, lakini pia hakuna aliyewahi kunikataza. Kwa miaka kumi na sita, mtu wa mbari yetu akiugua, mimi ndiye ninayeitwa. Mimi ndiye ninayeamua kama ugonjwa umefikia kiasi cha kupelekwa hospitali kubwa ya mjini au bado. Mimi ndiye ninayekaa mbele kwenye pikapu ya mkwe wangu Kahindi, na mgonjwa hukaa nyuma pamoja na wengine. Tukifika mlango wa dharura, bawabu, kijana wa bara aitwaye Kiprop, hunipigia saluti na kuniuliza leo tumemleta nani. Nalijua benchi la tatu, lile lililo chini ya feni inayozunguka. Feni nyingine zote ni mapambo. Najua dirisha lipi la faili hufunguliwa na lipi halijafunguliwa tangu lijengwe. Elimu hii haipatikani chuoni.

Sharti nieleze utaratibu wetu, kwa sababu daktari huyu haujui na hataki kuujua. Sisi mtu akiumwa hatumkimbizi hospitali siku ya kwanza. Ni aibu. Utasimamaje mbele ya daktari wa mjini na kihoma cha jana? Ugonjwa huachwa uive. Homa hulala siku tano, kidonda hungojwa kinuke, kikohozi hungojwa kitoe damu. Ukishaiva ndipo tunapowaarifu wakwe na mashemeji, maana kumpeleka mgonjwa bila shemeji kuwapo ni kuutukana ukoo wa pili. Shemeji akiwa Vitengeni, tunamngoja ateremke. Wanawake wanasonga sima, wanachemsha mboga ya mchunga, wanakaanga samaki, wanakunja mikeka, kisha pikapu inaondoka na watu kumi na wanane, mmoja wao mgonjwa. Tukifika tunakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua litue. Hapo ndipo ukoo hujulikana. Mahari ya Kahaso ilisemwa kwenye benchi lile. Mpaka wa shamba letu na la jirani ulisuluhishwa kwenye benchi lile, jirani mwenyewe akiwa na dripu mkononi na hana nguvu za kubisha. Subira yavuta heri, nasi heri hiyo tumeivuta miaka kumi na sita.

Basi mwezi wa pili mwaka huu akaja Daktari Mueni na mkoba wake mdogo, na kibao mlangoni kilichoandikwa Daktari wa Familia. Familia ya nani? Hajaposwa kwetu, wala hakuna wa kwetu aliyeposa kwao Ukambani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema apone kwa haraka hivi. Malalamiko yangu nayapanga kwa nambari ili yasichanganyike.

1. Ameuvunja msafara. Mwaka jana tulikwenda dharura safari arubaini na moja. Tangu aje, tumekwenda nne, na katika hizo nne mbili hazikufika, kwa kuwa mgonjwa aliinuka njiani akasema dawa ya daktari imeshika, akaomba ashushwe sokoni anunue vitunguu. Sasa fikiria: pikapu imejaa watu, sima iko kwenye sufuria, shemeji amevaa shati la kupigwa pasi, na mgonjwa ananunua vitunguu! Mwezi uliopita Kiprop alinipigia simu akiuliza kama tumehama au kuna mtu aliyetuudhi. Nilimjibu kwa uchungu kwamba hatujahama, tunapona.

2. Ana maswali. Huko hospitali kubwa unaulizwa jina, umri, kisha unaambiwa kaa pale. Hayo ndiyo maswali ya heshima. Huyu anakuuliza unakula nini, nani anapika, chumvi unatia kwa mkono au kwa kijiko, unalala saa ngapi, choo kiko umbali gani na kisima, mnazi unakunywa vibuyu vingapi. Mtu mzima mimi, nina wajukuu saba, naulizwa habari za vibuyu mbele ya mke wangu! Ubaya zaidi ni kwamba majibu anayaandika, na ubaya unaoupita wote ni kwamba anayakumbuka. Mara ya pili nilipomwona aliniuliza yule mjukuu wangu mwenye kifua anaendeleaje, na akamtaja kwa jina. Nani kamtuma? Hapa kwetu mtu anayekumbuka mambo ya watu kiasi hicho tuna jina lake, ila siliandiki kwa heshima ya kamati.

Aliniuliza hata mama yangu alikufa kwa nini. Nikamjibu kwa fahari kwamba mama alikufa hospitalini, kama watu wenye ukoo. Kichwa kilimuuma siku nne, tukauacha ugonjwa uive, siku ya tano mdomo ukaenda upande, tukamngoja shemeji mpaka adhuhuri, kisha tukampeleka. Alikaa kwenye benchi la tatu saa tisa za kungoja, chini ya feni, kichwa chake pajani pangu, tukiwa watu ishirini na wawili bila kuhesabu watoto. Hajapata mtu wa Tezo kusindikizwa na watu wengi vile. Jina lake lilipoitwa dirishani alikuwa ameshatangulia, lakini liliitwa, na wote tulisikia likiitwa. Nilipomaliza kusimulia, daktari akaweka kalamu chini, hakuandika lolote, akaniangalia tu. Daktari gani huyo asiyejua la kuandika?

3. Aliniharibia suluhu na mkwe wangu. Hili ni la nyumbani, lakini kamati ni yetu. Kahindi, mume wa Kahaso, pikapu yake tunaitumia lakini yeye mwenyewe kwa miaka miwili alikuwa haingii kwangu, hutuma dereva. Tulikosana kwa maneno niliyoyasema juu ya mamake, ambayo yalikuwa kweli. Sasa Mungu si Athumani, mke wangu Sidi ana sukari, na mwezi wa nne akapata kidonda mguuni. Nilifurahi, si kwa sababu simpendi, bali kwa sababu mguu wa mama mkwe haukataliki. Nilihesabu kwamba kidonda kikipewa wiki tatu kitafika pale ambapo mkwe lazima aje kwa miguu yake mwenyewe, na tukikaa naye kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jioni, ataniomba radhi ama mimi nitamwomba, kutegemea nani atachoka kwanza.

Kumbe daktari kanusa. Akaja siku ya nne, akaosha kidonda, akafunga, akabadilisha dawa ya sukari, akamfundisha Kahaso kufunga mwenyewe, na akawa anapitia kila siku ya pili bila kualikwa. Wiki ya tatu Kahindi alipokubali hatimaye kuja, na kuku wawili na gunia la machungwa, alimkuta Sidi yuko kinuni anatwanga. Akasimama pale mlangoni, akamtazama mama mkwe, akawatazama kuku, akageuka nao. Machungwa aliyaacha kwa kuwa ni mazito. Naiuliza kamati: nani atanilipa kuku wale?

4. Anataka tuende tukiwa wazima. Nilidhani ni uvumi mpaka nikaona kwa macho yangu tangazo: kila Jumatano, watu wasioumwa waje wapimwe. Lo! Nani humpelekea fundi baiskeli inayokwenda? Huo ni uchuro. Kumwendea daktari na hujaumwa ni kuyaita maradhi kwa jina, tena kwa sauti, na mlango umeuacha wazi.

Sidi alinipeleka kwa hila. Aliniambia tunakwenda kumjulia hali jirani, mara nikajikuta nimevishwa kile kitambaa cha kupulizwa mkononi. Daktari akasoma mia na tisini juu ya mia na kumi. Akasoma tena baada ya kunikalisha kimya, ikawa ile ile. Akaniambia kwa upole, maana ana upole wa kuudhi, kwamba hiyo ni presha, kwamba ikiachwa itanifanya alivyofanywa mama, na kwamba dawa yake ni kidonge kimoja kila siku na kupunguza chumvi. Bi. Mwenyekiti, presha hiyo ameileta yeye. Miaka sitini na minne nimeishi bila presha, na siku aliponipima ndiyo siku niliyoipata. Vidonge nimevihifadhi kwenye kopo la majani ya chai, vyote thelathini, salama salimini, na kamati ikivihitaji kama ushahidi nitavileta.

Utaniwia radhi kwa mistari hii kuteremka. Mkono wa kulia una ganzi tangu alfajiri, nadhani niliulalia.

5. Anatembea kwa miguu. Daktari! Sitaongeza neno.

6. Ameiharibu hospitali kubwa. Hili ndilo zito, na ndilo lililonitoa usingizini mpaka nikaishika kalamu. Kwanza nilidhani madhara yake yako hapa Tezo tu. Alhamisi iliyopita nikasema hebu nikakague mwenyewe. Nilikwenda peke yangu, bila mgonjwa, nikavaa kofia ya safari. Jamani! Nilikuta benchi la tatu lina watu wawili. Wawili, wamekaa mbalimbali, mmoja amejinyoosha. La kwanza na la pili yalikuwa yanapigwa deki, kitu ambacho hakikuwezekana zamani, maana ungepiga deki wapi? Kiprop alikuwa amekaa, si kusimama, anasoma gazeti, na kwa aibu akaniambia kwamba siku hizi vituo vya vijijini vinapopata madaktari wa namna hii, watu wa homa na vidonda na presha hawafiki tena mjini, wanaofika ni wale wa dharura kweli.

Nikiwa nimesimama pale nikiomboleza, nesi akatoka, akaniangalia machoni, akaniuliza: mzee, una shida gani? Sijamaliza dakika kumi! Miaka kumi na sita sijawahi kuangaliwa machoni pale kabla ya saa saba mchana. Nilishikwa na haya, nikasema nimepotea njia. Mara ikaingia machela na kijana aliyegongwa na pikipiki barabara ya Bofa, mguu umekwenda vingine. Zamani kijana yule angekaa nasi. Tungemuuliza ni mtoto wa nani, tungemwombea, mtu angempa chai, angejua watu. Sasa aliingizwa moja kwa moja ndani, madaktari wawili wakamdaka mlangoni, pazia likavutwa, na hata jina lake hatukulijua. Niliambiwa baadaye kwamba mguu umeokolewa. Umeokolewa, naam, lakini kapata jamaa gani?

Kwa hiyo hoja yangu ni nyepesi na nakuomba uifuate polepole. Daktari huyu akiponya homa zetu hapa, hatuendi mjini. Tusipokwenda mjini, mabenchi yanakuwa matupu. Mabenchi yakiwa matupu, madaktari wa dharura wanapata nafasi. Wakipata nafasi, wanawahudumia watu kwa haraka. Watu wakihudumiwa kwa haraka, hawakai pamoja, hawapatanishwi, hawaozani, na hata kufa hawafi kwa wakati wao. Mwisho wake ukoo utakuwa hauna pa kukutana isipokuwa arusini, ambako watu hula wakaondoka. Kalamu imenianguka mara mbili nikiyaandika haya, kwa hasira.

Baada ya kusema hayo, naomba kamati yako tukufu iamue yafuatayo, na kama yote hayawezekani basi lile la kwanza lisikosekane.

Kwanza, Daktari Mueni ahamishwe. Apelekwe Bofa kwenye mahoteli, kwa wageni wanaolala juani makusudi. Wale hawana ukoo pale, watafurahi kuulizwa habari za chumvi yao.

Pili, tuletewe daktari wa zamani, namaanisha wa aina ile, anayebadilishwa kila mwezi kabla hajajua majina ya watu. Asitoke ofisini. Akitutazama, atazame faili.

Tatu, endapo mtaogopa zile sahihi na mkaamua abaki, basi walau liwekwe benchi kituoni. Liwe refu, lisiwe na egemeo, na mlango wa daktari usifunguliwe kabla ya saa sita hata kama yumo ndani hana kazi. Nipo tayari kulisimamia bila malipo. Heshima ya mgonjwa ni kungoja. Anayehudumiwa papo hapo ataamini vipi kwamba aliumwa?

Nakomea hapa kwa sababu macho yananionyesha mistari miwili pale nilipoandika mmoja. Nisalimie mama mzazi na umwambie asikubali kupimwa. Wasalimie wanakamati wote kwa majina yao, pamoja na yule mweka hazina ambaye jina limenitoka sasa hivi, ingawa ni ndugu yangu wa tumbo moja. Msalimie na Daktari Mueni pia, kwa kuwa ugomvi wetu ni wa kikazi.

Wako katika kungoja,

Kitsao Ngumbao,
Kiongozi wa Msafara wa Wagonjwa.

NYONGEZA, Alhamisi. Inaandikwa na Kahaso, bintiye, kwa maneno ya baba mwenyewe kutoka kitandani, wodi ya wanaume. Mkono wake bado hauwezi kalamu, lakini mdomo unaweza, kama utakavyosikia.

Bi. Mwenyekiti, barua hii sikuituma Jumatatu. Niliikunja, nikatoka kwenda dukani kutafuta bahasha, na pale kando ya kinu cha Sidi mguu wa kulia ukakataa. Nikaanguka kama mzigo. Nilitaka kusema nimejikwaa, yakatoka maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa, na mdomo nikausikia unakwenda upande. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliyaficha kwenye kopo la majani ya chai.

Haikupita dakika, mbari ikajaa uani. Nakiri nimewafundisha vizuri. Huyu anakunja mkeka, yule anawasha moto wa sima, mwingine anauliza mchunga uko wapi. Pikapu ikaletwa, na safari hii Kahindi kaja mwenyewe. Kisha wakasimama. Nimelala chini, nawaona miguu tu, wamesimama. Nikamsikia Kahindi akisema kwa adabu kabisa: "Tumngojeni shemeji ateremke kutoka Vitengeni. Na huo ugonjwa tuuache uive kidogo, mzee mwenyewe ndiye aliyetufundisha." Na wote wakaitikia kwamba ni kweli, mzee angekasirika.

Bi. Damaris, mwanangu, sijawahi kuogopa maneno yangu kama nilivyoyaogopa siku ile yalipotoka kinywani mwa mtu mwingine. Kumkatalia siwezi, ulimi ni kipande cha gogo. Nikauinua mkono wa kushoto, ule mzima, nikauelekeza kwenye njia ya kituo cha afya, nikaushikilia hapo hapo. Kahindi akadhani namfukuza. Sidi ndiye aliyeelewa. Akatupa mchi, akaukimbilia ule ujia. Alikimbia, Bi. Mwenyekiti! Kwa mguu ule ule niliokuwa nimeupangia wiki tatu uoze, mke wangu alikimbia kuniokoa.

Daktari Mueni alifika mbio, kwa miguu, mkoba begani. Hakuniuliza swali hata moja. Mtu wa maswali yule, siku ile hakuwa nalo, kwa kuwa majibu yote alikuwa nayo. Alipiga simu hospitali kubwa nikimsikia: jina langu, umri wangu, ile mia na tisini juu ya mia na kumi, vidonge ambavyo alihisi sivimezi, mama yangu alivyokufa, na saa niliyoanguka kwa dakika zake. Akasema tunakuja sasa hivi. Wakati huo shemeji alikuwa bado yuko Vitengeni anatafuta viatu. Nililazwa kwenye pikapu, tukaondoka mimi, daktari, Sidi na Kahindi, basi. Watu wanne! Mazishi ya paka yana watu zaidi ya hao.

Kiprop alikuwa ameshafungua geti. Hakupiga saluti, alikimbia pembeni yangu ameshika machela. Tulipita benchi la kwanza, tukapita la pili, na tulipopita la tatu niligeuza macho nikalitazama. Lilikuwa tupu, na feni inazunguka. Nikamwona mama pale, na kichwa chake pajani pangu, na mimi nikijivuna kwa wingi wa watu. Saa tisa, Bi. Mwenyekiti. Nimelia kwenye machela mpaka nesi akadhani naumwa zaidi, nikaingizwa ndani, pazia likavutwa, na hakuna aliyeniuliza nimekuja na wangapi.

Wameniambia ni kiharusi, na kwamba kilichoniokoa ni kuwahi. Mguu umeanza kurudi, mkono unafuata nyuma. Kahindi yuko hapa tangu Jumatatu, ananilisha uji kwa kijiko, na radhi tumeombana kitandani bila benchi. Ya mamake nimeyafuta, ingawa yalikuwa kweli. Jana daktari alikuja kunitazama, nikamwambia kuna swali lake moja sikulijibu sawasawa. Mama yangu alikufa kwa nini? Nikamwambia atoe kalamu aandike: alikufa kwa kungoja, na aliyemngojesha ni mimi.

Niliagiza barua hii ichanwe. Sidi amekataa. Amesema iende kama ilivyo, kamati ijue ameolewa na mtu wa namna gani. Basi yasomeni yote, mcheke mpaka mshibe, ila ombi langu nalibadilisha: Daktari Monicah Mueni asiguswe. Asipelekwe Bofa, asipelekwe Vitengeni, asipelekwe popote pasipokuwa na njia ya miguu ya kufika kwangu. Vitengeni nao watafutieni wa kwao, maana wana mashemeji wengi na mama zao wanaumwa vichwa.

Na msije mkadhani huu ni mzaha wa mgonjwa. Kesho Ijumaa, kabla hamjafungua kikao, mbari yote itakuwa imeshakaa nje ya ofisi yako, na mikeka, na sufuria ya sima, na shemeji ambaye sasa viatu ameviona. Mimi mwenyewe nikiruhusiwa nitaletwa na kiti cha magurudumu. Tutakaa mpaka uamuzi usomwe, na ukisomwa vibaya tutaendelea kukaa. Wala msifanye haraka kwa ajili yetu, Bi. Mwenyekiti. Kukaa kwenye benchi ndiyo kazi pekee ambayo mimi na watu wangu tumeisomea miaka kumi na sita.